Forodha ya Sebuleni

Nyumba ya Raed na Jumana, huko Al Twar, Dubai, ilikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote na haukuwahi kuvunjwa. Mfanyakazi akimaliza mkataba, sanduku lake lilifunguliwa juu ya zulia la sebuleni asubuhi ya siku ya safari. Neno upekuzi halikutumika. Madam Jumana alikuwa mstaarabu, na wastaarabu wana msamiati mpana. Yeye alisema, "Njoo tupange vizuri, habibti, mzigo usije ukazidi kilo." Kisha alikaa kwenye kochi na kikombe cha kahawa, na mwenye sanduku akapiga magoti kutoa, kimoja kimoja, vitu alivyokwisha kuvipanga vizuri.

Jalia Nakimuli alikuwa ameshuhudia wenzake wawili wakipita kwenye zulia hilo. Desire, aliyekuwa yaya wa watoto, aliondoka bila chupa ya manukato aliyoinunua mwenyewe, kwa sababu ilifanana na ya madam. Kufanana kulitosha. Dorcus, msafishaji, alivuliwa viatu na soksi, ndani pakakutwa miguu. Lois, mpishi Mkenya kutoka Kitale, aliuita utaratibu huo imigresheni. "Ukivuka hapo sebuleni," alisema, "ile ya eapoti ni mchezo wa watoto."

Jalia alikuwa na miaka arobaini na miwili. Kwao Butambala, nchini Uganda, alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake na foleni yake, mpaka mume wake alipokwenda kumtembelea mke mwingine na ziara ikarefuka. Alibaki na binti mmoja, Mastula, na ada za shule ambazo hazikuwa na habari kwamba baba ameondoka. Akaja Dubai. Nyumba ya kwanza ilikuwa ghorofa ya zamani Al Baraha, watoto watano, na chumba chake kilikuwa stoo ya mchele. Mkataba ulipokwisha alipata kazi Al Twar, ambako hakuajiriwa kupika wala kufua. Aliajiriwa kumtunza mama yake Raed.

Wote walimwita Teta, jina wanaloitwa mabibi huko Sham, yaani Syria, familia hiyo ilikotoka. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, upande wa kushoto wa mwili umekufa ganzi, na ulimi wake mzima kabisa. Ujanani alikuwa mrembo wa kutajwa, na hakuona sababu ya kustaafu. Kila alasiri, kabla mwanawe hajarudi kutoka ofisini, Jalia alimvalisha meno, akamchana nywele chache zilizobaki, akamtia wanja na kumfunga mtandio. Raed aliingia, akambusu mama yake mkononi, akamkuta amekaa kama balozi. Hakuwahi kumwona bila meno. Teta alikusudia iwe hivyo mpaka kaburini, na ikawa hivyo. Alifariki Januari, na Jalia alikuwa mmoja wa wanawake watatu walioosha mwili wake.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na Ijumaa moja ya mwezi wa Ramadhani iliyotangulia. Teta alikuwa amesikia kwamba Mastula amepata mchumba, kijana wa Masaka aitwaye Ramathan, na kwamba kwao Uganda kuna siku ya kwanjula, siku ambayo bwana harusi huletwa rasmi kwa wazazi wa msichana. Akamwamuru Jalia afungue kasha na kutoa kitambaa cha chini kabisa. Kilikuwa hariri ya kijani yenye nyuzi za dhahabu, ya Dameski, miaka arobaini haijaguswa na mkasi. "Jishonee," Teta alisema. "Mama mtu asitoke siku hiyo kama aliyealikwa na jirani."

Hapo ndipo Jalia alipofanya alichofanya, na alikifanya kwa kufuata ushauri mzuri. Paskazia, Mganda mwenzake mwenye miaka kumi na minne katika nyumba za watu, ndiye aliyeongoza kundi lao la WhatsApp, na amri yake ya kwanza ilikuwa fupi: ukipewa kitu, rekodi, hata kikiwa kijiko. Matajiri hutoa kwa moyo mweupe na kusahau kwa moyo huohuo, na siku ya safari kumbukumbu inayoaminiwa ni ya aliyetoa. Basi Jalia akaiegemeza simu kwenye chupa ya dawa, akamwomba Teta arudie maneno yake. Alitaka sauti tu. Kidole kikabonyeza mahali kilipozoea kubonyeza, na simu ikachukua vyote: bibi wa miaka themanini na mitatu aliyetoka kuoga, amefungwa taulo, kinywa kitupu, nywele zimelowa na kushikana kichwani. Teta aliiona simu akiwa ameshamaliza kusema. "Sauti chukua," alisema. "Uso huu asiuone mtu. Hata Raed. Hasa Raed." Jalia aliahidi. Wosia wenyewe ukawa umerekodiwa pamoja na picha unayoikataza.

Kitambaa alikishona kwa mkono, Ijumaa baada ya Ijumaa. Akatoa gomesi, vazi la heshima la mwanamke wa Kiganda: mita sita, mabega yaliyochongoka, mshipi mpana chini ya kiuno. Aliishona bila haraka, maana safari hii hapakuwa na mteja wa kumhimiza.

Ndege ilikuwa ya saa nane mchana, siku ya Alhamisi. Kwanjula ilikuwa Jumamosi. Saa tatu asubuhi madam alimwita aje wapange vizuri.

Ilianza kwa upole. Kopo la maziwa ya unga lilitikiswa karibu na sikio. Pakiti ya pedi ikafunguliwa na kuhesabiwa, kana kwamba kiwanda hakikuhesabu. Nguo za ndani zikakunjuliwa moja moja na kuinuliwa kwenye mwanga wa dirisha. Ikaja barua ya mama yake Jalia, iliyoandikwa kwa mkono kwa Kiganda. Madam, ambaye hakujua Kiganda, hakuona kama hiyo ni sababu ya kutoisoma. Aliipiga picha kwa simu ili simu imtafsirie. Simu ikawaza, kisha ikatoa taarifa kwa Kiarabu kwamba mbuzi watatu wanakusalimu. Madam akaisoma mara mbili, akitafuta mahali dhahabu ilipofichwa.

"Na vidonge hivi?"

"Vyangu, madam."

"Najua ni vyako. Vya nini?"

Mlango ulikuwa umefunguka. Sir Raed alikuwa ameshuka, funguo za gari mkononi, kwa kuwa yeye ndiye angempeleka uwanjani. Alisimama akatazama zulia, kisha akatazama dari.

"Vya kizazi," Jalia alisema. "Nina uvimbe. Daktari wa Qusais ndiye aliyenipa."

"Hukutuambia."

"Hapana, madam. Sikuwaambia."

Madam aliviweka vidonge upande, pole pole, kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akinyimwa habari za kwake. Kisha akaingiza mkono mwenyewe ndani ya sanduku, jambo ambalo halikuwa sehemu ya utaratibu, akaivuta gomesi.

Ilitoka kwa muda mrefu. Mita sita ni kitambaa kingi. Aliishika kwa mabega yaliyochongoka na kuigeuza huku na huku.

"Ni pazia?" Raed aliuliza.

"Ni nguo, sir."

"Hii ni hariri ya Teta," madam alisema. Sasa sauti haikuwa ya kilo wala ya kupanga. "Hii ilikuwa kwenye kasha. Umeikata."

"Alinipa yeye mwenyewe. Nijishonee, nimpe binti yangu heshima. Kwa ajili ya Jumamosi."

"Teta alikuwa hajui hata leo ni siku gani."

"Siku alikuwa anazijua, madam. Ilikuwa Ijumaa."

"Usinijibu hivyo."

"Umeniuliza."

Madam aliiweka gomesi kwenye kochi, mbali na zulia, na kila mtu chumbani akaelewa maana ya umbali huo. Hakutamka neno mwizi. Alisema tu kwamba anasikitika sana, kwamba hakutarajia, kwamba watu wengine wangeshapiga simu polisi. Jalia alijua hesabu iliyokuwa ndani ya hisani hiyo. Akipelekwa kuandikisha maelezo, ndege itaondoka bila yeye, na Jumamosi Mastula atapiga magoti mbele ya wageni huku kiti cha mama yake kikiwa kitupu. Akikubali kuiacha gomesi, atapanda ndege salama, na katika nyumba hii atabaki yule Mganda aliyekutwa na hariri ya marehemu. Hiyo ndiyo hisani waliyomwekea mezani.

"Naomba maji," alisema, akaenda jikoni.

Lois alikuwa amesimama nyuma ya mlango bila hata kujifanya anafanya kazi.

"Mama Mastula, si uko na ile video? Toa bana. Waonyeshe wanyamaze."

"Siwezi."

"Huwezi nini? Wanahesabu pedi zako huko, na wewe unamwekea bibi yao siri?"

"Nilimwahidi."

"Ameshakufa."

"Ndiyo maana hawezi kunifungua kwenye ahadi, Lois."

Lois alimtazama kama mtu anayetazama sufuria ikiungua kwa makusudi. "Basi nisamehe nikwambie, mama. Hawa watu hawajawahi kufunika chako hata kimoja. Miaka sita. Unafunika chao kwa sababu gani?"

"Si chao. Ni cha Teta."

Alikunywa maji. Kikombe kilipofika sinki, hasira ambayo miaka sita ilikaa kwa adabu mahali ilipoambiwa ikae ilikuwa imesimama. Alirudi sebuleni na hakupiga magoti.

"Nina ushahidi," alisema. "Mtausikia. Hamtauona."

"Ushahidi gani?" Raed aliuliza.

"Fungua simu nione mwenyewe," madam alisema, na kunyoosha mkono. "Namba ya siri?"

"Hapana, madam."

"Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?"

Jalia alitazama zulia. Nguo zake za ndani zilikuwa zimetandazwa kama za mnadani, pakiti imefunguliwa, barua ya mama yake iko wazi, vidonge vya uvimbe wake vimewekwa pembeni kama kielelezo. Akashangaa kidogo kwamba swali hilo linaweza kuulizwa mahali hapo na dari isianguke.

"Madam, vyangu vyote viko hapo chini," alisema. "Kama ningekuwa na cha kuficha, ningekificha wapi? Lakini hiki si changu."

Alichukua gomesi kutoka kwenye kochi, akaibonyeza simu kioo kikimwelekea yeye, akaiweka mezani kifudifudi na kuifunika kwa hariri. Sauti ikatoka.

Ilikuwa sauti isiyo na meno, lakini hapakuwa na namna ya kuikosea. Ilitaja hariri na Dameski, ikamtaja Mastula, binti wa Jalia, na siku ya wageni wake. Ilisema kitambaa ni cha Jalia tangu saa hiyo na asije mtu akasema vingine, kwa kuwa mtu huyo hakuwahi kumnawisha. Kisha kukasikika maji yakidondoka, na mwanamke mzee akicheka peke yake, kicheko cha koo, kicheko ambacho mwanawe hakuwahi kukisikia kwa sababu mbele yake alicheka kwa kufunga midomo. Kisha: uso huu asiuone mtu. Hata Raed. Hasa Raed.

Simu ilinyamaza. Raed aliendelea kuutazama ule mlima wa hariri kana kwamba kuna mtu chini yake.

Madam ndiye aliyezungumza kwanza, na alichosema kilikuwa na msingi wa kisheria. "Ulimrekodi mama mgonjwa, ndani ya nyumba yangu, bila ruhusa yetu. Akiwa anaoga. Unajua hilo ni kosa katika nchi hii? Faragha ya watu ni jambo kubwa hapa. Ningeweza kukushtaki kwa hilo peke yake."

Jalia aliujua ukweli wa maneno hayo. Sheria ipo, na ni kali, na mtu mwenye haki ya faragha anaweza kuitafuta mahakamani. Kilichomchoma ni kwamba imeingia sebuleni sasa hivi tu. Ilikuwa wapi saa tatu asubuhi?

"Ruhusa aliitoa Teta," alisema. "Ya sauti. Picha ni kosa langu, na yeye nilimwomba msamaha. Lakini neno faragha madam amelitaja, nami nimelisikia. Basi ninyi muwe mashahidi." Alionyesha zulia kwa kiganja kilichofunguka. "Hii ni nini?"

"Hii ni nyumba yangu."

"Ndiyo. Na hilo ni sanduku langu."

"Ifute," madam alisema. "Sasa hivi, nikiona."

"Nipe mimi kwanza," Raed alisema. Alikuwa amesogea. "Nitumie. Ni sauti ya mama yangu, Jalia. Sina sauti yake. Nina picha za sherehe tu."

"Nikikutumia utaiona, sir."

"Sitaitazama."

Alikuwa mkweli, na Jalia alimhurumia, na alijua kwamba ataitazama. Nani asingeitazama? Angekaa garini siku moja, angefungua, na mwanamke aliyejitengeneza kwa saa nzima kila alasiri ili mwanawe amkute mrembo angeshindwa na kidole kimoja.

Jalia aliingiza mkono chini ya hariri, akaitoa simu kioo kikimwelekea yeye peke yake, akafuta, kisha akaenda mahali vinapokaa vilivyofutwa akafuta tena. Akawaonyesha kioo. Hapakuwa na kitu.

"Khalas," alisema.

Na sasa hakuwa na ushahidi wowote. Walichokisikia kilikuwa vichwani mwao tu, na vichwa vya nyumba hiyo alivijua.

Madam alitazama saa ya ukutani. "Yalla, funga sanduku. Mtachelewa."

"Mimi nilishalifunga, madam. Jana. Aliyelifungua alifunge."

Akakaa kwenye kochi. Miaka sita alilifuta vumbi kochi lile na hakulijua lilivyo laini. Madam alisubiri mtu acheke. Alipoona hakuna, alipanda ngazi, na mlango wa juu ukafungwa kwa sauti ya mtu anayetaka ijulikane kwamba hakuubamiza.

 Raed akaweka funguo mezani, akapiga magoti juu ya zulia na kuanza kupakia. Alipakia kama wanaume wanavyopakia, kopo la maziwa juu, nguo pembeni. Zile za ndani alizishika kwa ncha za vidole, uso ameugeuza. Barua aliikunja vibaya. Jalia hakumsaidia na hakumlaumu. Lois alipita mara tatu na trei ambayo haikuwa na kitu.

Mlangoni Lois alimkumbatia Jalia na kumnong'oneza, "Kumbe kuna app ya kutoa sauti peke yake, unaacha picha."

"Ungeniambia jana."

 Uwanjani Raed hakuondoka, kwa kuwa desturi ya waajiri wengi ni kusubiri mpaka mfanyakazi apite ukaguzi wa pasi. Wanapenda kuona mlango ukifunga. Alisimama karibu na kaunta, anatazama simu yake. Msichana wa kaunta alipima sanduku, akapokea pasi, na kuuliza swali ambalo huuliza mara mia tatu kwa siku bila kuinua macho.

"Mzigo umeufunga mwenyewe?"

Wasafiri wote duniani wanajua jibu la swali hilo. Jalia alilijua. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amesema kweli kwa gharama kubwa, na hakuona kwa nini aanze kudanganya sasa, tena kwa ajili ya watu walewale.

"Hapana," alisema. "Amenifungia bosi wangu. Yule pale."

Msichana aliinua macho.

Walipelekwa wote wawili kwenye chumba kidogo. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye glovu. Kwanza alifunga mlango. Pili alimuuliza Jalia, "Unaniruhusu nilifungue?" Jalia alichelewa kujibu, kwa sababu neno hilo hakulizoea. Kisha akasema ndiyo.

Ofisa akamgeukia Raed. "Wewe ndiye uliyefunga?"

"Ndiyo, lakini mimi ni…"

"Kitambulisho. Simama hapa, tafadhali. Nikitoa kitu, niambie ni nini."

Akatoa kopo. Raed alilijua. Akatoa pakiti ya pedi, ambayo ilikuwa imefunguliwa.

"Hizi?"

"Za kwake."

"Zimefunguliwa. Nani amezifungua?"

Raed alikohoa. "Sisi. Nyumbani."

"Kwa nini?"

Lilikuwa swali rahisi, na aliyeuliza hakuwa na ubaya. Raed alitafuta jibu kwenye meza, kwenye taa, kwenye viatu vyake. Masikio yake yalikuwa mekundu. Jalia hakumtazama usoni. Alikuwa amejua joto hilo la masikio kwa muda mrefu, na hakumtakia mtu. Lakini hakuona pia kwa nini liwe mali yake peke yake.

"Hapakuwa na sababu," Raed alisema hatimaye.

Ofisa aliandika kitu. Kisha akainua gomesi, mita sita za kijani na dhahabu, mabega yamekunjamana.

"Na hii?"

"Ni nguo ya kwao. Ya sherehe. Kitambaa alipewa na mama yangu, Mungu amrehemu. Alimpa yeye."

"Kwa hiyo ni mali yake."

"Ni mali yake."

"Una uhakika?"

"Nimemsikia mama akisema," Raed alisema.

Ofisa alimrudishia kitambulisho, akavua glovu, akasema kila kitu kiko sawa na samahani kwa usumbufu. Raed akanyoosha mkono kuanza kurudisha vitu sandukuni.

"Acha, sir," Jalia alisema. Alichukua gomesi kutoka mikononi mwa ofisa, akaitandaza mezani na kuyanyoosha mabega kwa kiganja, bega moja kisha la pili, bila haraka. Ndege ilikuwa bado na saa moja na nusu. "Sasa nafunga mwenyewe."